Mwanamke wa Tano wa Tulizani

Katika nchi ya Tulizani mwanamke mjamzito haruhusiwi kuumwa kuanzia mwanzo wa wiki ya kumi na nne hadi mwisho wa wiki ya ishirini na saba. Kabla ya hapo anaruhusiwa, na ameandaliwa Nyumba ya Kwanza, yenye vitanda, ndoo za kutapikia na wakunga wapole. Baada ya hapo anaruhusiwa tena, na ameandaliwa Nyumba ya Tatu, ambayo kwa vifaa inazipita hospitali nyingi nilizofanyia kazi. Kati ya nyumba hizo mbili hakuna ya pili. Kuna bustani.

Nilikaa Tulizani siku arobaini na tatu kwa mwaliko wa Baraza la Miezi, lililotaka mkunga wa nje aikague sheria hiyo na kuisifu. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka ishirini na miwili. Ninayoyaandika hapa niliyaona au niliyapima mwenyewe, isipokuwa pale ninaposema kwamba niliambiwa.

Sheria yao haikutokana na ukatili. Ilitokana na hesabu. Vizazi viwili vilivyopita Baraza liliagiza wanawake mia moja wafuatiliwe tangu mwanzo wa mimba hadi mwisho, na kila atakayeugua kiasi cha kuhitaji kitanda aandikwe. Katika miezi ya mwanzo waliandikwa kumi na wawili, katika miezi ya mwisho kumi na wanane, na katika miezi ya kati wanne. Kazi ilifanywa kwa uangalifu. Nimeyaona madaftari yenyewe na sikupata kosa.

Lakini Tulizani idadi yoyote ya serikali huandikwa kwa makumi ya karibu. Wenyewe wanaiona desturi hii kuwa adabu. Husema kwamba kutaja mtu mmoja mmoja ni kuchungulia nyumba za watu. Kumi na wawili wakaandikwa kumi. Kumi na wanane wakaandikwa ishirini. Wanne wakaandikwa hakuna.

Yaliyofuata yalikuja yenyewe. Pasipo mgonjwa hapahitajiki kitanda, na anayejiita mgonjwa mahali ambapo serikali imeandika kuwa hakuna, anaisema vibaya serikali. Miezi ile ikaitwa Miezi ya Raha, na ikapewa bustani yenye vibaraza vya kukalia, miti ya waridi na Msajili.

Ni haki kusema kwamba jina halikuwa uongo mtupu. Mwanamke anayeingia mwezi wa nne kwa kawaida hupata nafuu. Kichefuchefu hupungua, chakula hurudi kuwa na ladha, usingizi wa mchana unaomwangusha kama mtoto unamwacha. Hatari ya mimba kutoka hushuka sana. Tumbo linaanza kuonekana, mstari mweusi unajichora kutoka kitovuni kwenda chini, na kati ya wiki ya kumi na sita na ya ishirini na mbili mama anamsikia mtoto kwa mara ya kwanza, mapema kidogo kama amewahi kuzaa. Siku hiyo Watulizani huisherehekea vizuri kuliko watu wote niliowaona. Majirani wote hualikwa, hupikwa biriani, na baba hukaa na mkono juu ya tumbo mbele ya wageni mpaka apigwe teke. Anayepigwa teke la nguvu hupigiwa vigelegele.

Pamoja na hayo miezi ya kati ina mambo yake. Kiungulia, misuli ya mguu kukaza ghafla, maumivu makali ya kinena mtu anapoinuka haraka, fizi kutoka damu, pua kuziba, mgongo, upungufu wa damu. Mengi kati ya haya hayahitaji dawa. Yanahitaji mtu wa kuyatenga na yale machache yanayohitaji. Mtu huyo Tulizani hakuwepo, na kazi yake ilifanywa na fomu.

Kila mwanamke aliye katika Miezi ya Raha hufika bustanini mara moja kwa wiki kuijaza. Fomu ina visanduku vitatu: raha ndogo, raha ya wastani na raha kubwa. Nilikaa pale asubuhi nyingi. Wanawake wenyewe walikuwa wamekwisha kuizoea lugha hiyo na waliitumia kwa namna ambayo sidhani Baraza lilikusudia.

"Mwenzangu, raha yangu jana imeniamsha mara tano kwenda chooni," alisema mmoja akivua viatu.

"Hiyo ndogo," akajibu wa pembeni yake. "Yangu imenikamata shavu la mguu alfajiri, nikampiga mume wangu teke la mbavu."

"Afadhali umepata kisingizio."

"Mimi yangu ni ya bawasiri," alisema wa tatu, kwa sauti ya mtu anayetaja mji alikozaliwa, na kibaraza chote kikacheka isipokuwa yeye, aliyekuwa amekaa upande mmoja.

Msajili wa Raha aliitwa Mbwana Shekue. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nadhifu, mwenye penseli mbili zilizochongwa sawasawa, na alimkaribisha kila mwanamke kwa chai ya tangawizi aliyoichemsha mwenyewe. Nilimuuliza kama amewahi kumkataza mtu kulalamika.

"Hapana, Bi Mkunga," alisema. "Hapa hatumzuii mtu kusema. Tunamsaidia kuchagua neno."

Katika wiki yangu ya kwanza nilihudhuria kikao cha Baraza. Hoja ilikuwa kama kiungulia kipandishwe kutoka raha ndogo hadi raha ya wastani. Kikao kilichukua saa tatu. Mjumbe mmoja alidai kwamba kiungulia ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi, na kwa kuwa nywele ni neema, kiungulia kinastahili kuwa raha kubwa. Mwingine alitaka kujua kama jambo linaloweza kutulizwa kwa maziwa linafaa kujadiliwa na Baraza. Mjumbe pekee aliyewahi kuzaa, mwanamke wa makamo aliyezaa mara sita, aliomba nafasi.

"Mimi kiungulia kilinifanya nilale nimekaa miezi mitatu," alisema.

"Lakini ulilala," alisema Mwenyekiti.

"Nililala nimekaa."

"Karani, andika kwamba alilala."

Hoja iliahirishwa. Ninaitaja kwa sababu katika saa tatu zile hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani waliokuwa nao wale wanne wa zamani. Nilipouliza mimi, baada ya kikao, Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba hapakuwa na wanne. Palikuwa na hakuna.

Mwanatumu nilimkuta bustanini siku ya nane. Alikuwa mshonaji wa miaka thelathini na mmoja, mimba ya kwanza, wiki ya ishirini na sita kamili. Tarehe zake zilikuwa za uhakika, kwa kuwa alikuwa ameziandika kwenye kalenda ya kazi zake za kushona, kati ya gauni la harusi na sare za shule. Alikuja na mumewe, Chambuso, seremala, ambaye kwa sheria alipaswa kubaki getini lakini aliingia na kusimama nyuma ya mkewe kana kwamba hajui kusoma kibao.

"Karibu, Mwanatumu," alisema Msajili. "Wiki hii tuandike ipi?"

"Kichwa kinaniuma tangu juzi."

"Kinakuuma, au unakisikia?"

"Kinaniuma, Bwana Shekue. Na jana nimeshindwa kutunga uzi. Nimeishika sindano ile ninayoishika kila siku, tundu silioni. Naona vimulimuli."

"Sindano zenyewe siku hizi," alisema Msajili, akisogeza penseli kwenye raha ya wastani.

Nikaomba kumtazama. Uso ulikuwa umejaa, kope zimevimba. Pete ilikuwa imezama kwenye kidole na haikutoka. Nilibonyeza mguu kwa dole gumba, na alama ya dole ikabaki kama kwenye unga. Alipoguswa chini ya mbavu za kulia alikunja uso. Nilikuwa na kipimo changu cha presha mkobani. Bustanini vipimo haviruhusiwi, kwa kauli kwamba raha haipimwi, lakini Msajili alifikiri kidogo, akasema kwamba mgeni hafungwi na kanuni hiyo. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kipimo kilisoma mia na sitini na mbili kwa mia na nane. Nilingoja dakika kumi na tano, nikarudia. Mia na sitini na nne kwa mia na kumi.

Hii si raha ya aina yoyote. Ni presha ya mimba, nayo ikiachwa huleta kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua mama na mtoto. Inaweza kuanza wiki ya ishirini. Haisubiri ya ishirini na nane.

"Anahitaji kulazwa," nikasema. "Leo, asubuhi hii."

Mbwana Shekue aliweka penseli chini. Hakubisha juu ya ugonjwa. Alifungua kitabu kikubwa chenye jalada la kijani, akanigeuzia nisome. Kilikuwa kitabu cha waliougua katika Miezi ya Raha mjini pale. Nilistaajabu kwamba kilikuwepo. Ukurasa wa mwaka huo ulikuwa na majina manne.

"Wanne huandikwa hakuna," alisema. "Huyu ni wa tano. Watano kwa makumi ya karibu ni kumi."

"Basi andika kumi."

"Bi Mkunga, mji wenye wagonjwa kumi unapaswa kisheria kuwa na nyumba, wakunga na vitanda kumi. Mimi sina nyumba. Nina kibaraza. Na nitaulizwa ilikuwaje mji upande kutoka hakuna hadi kumi kwa asubuhi moja."

Nilirudisha kurasa nyuma. Kitabu kilikuwa na miaka kumi na tisa, yote kwa mwandiko wake. Wanne. Wanne. Watatu. Wanne. Wanne. Wanne. Nimesoma takwimu za miji mingi. Sijawahi kuona ugonjwa unaojua kuhesabu mpaka nne ukaacha.

"Na wa tano wa miaka hiyo walikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hakukuwa na wa tano," alisema, na akaisogeza chai yangu iwe karibu na mkono wangu, ingawa sikuwa nimeiomba.

Chambuso alizungumza kwa mara ya kwanza. "Bwana Shekue, nimekutengenezea hiyo meza unayoandikia. Mke wangu haoni sindano. Nifanye nini?"

"Mwache apumzike wiki mbili," alisema Msajili. "Akitimiza ishirini na nane anavuka barabara mwenyewe."

Nyumba ya Tatu iko ng'ambo ya barabara. Ni hatua sitini kutoka getini. Nilizihesabu nilipokuwa nakwenda kumwita mkunga wa zamu. Aliitwa Siwema, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Alinisikiliza, akanawa mikono, akaja mpaka kwenye geti la bustani na kusimama nje, kwa kuwa wakunga hawaruhusiwi kuingia.

"Siwezi kumpokea mwenye ishirini na sita," aliniambia. Kisha akapaza sauti. "Bwana Shekue, mwandikie barua ya uhamisho."

Barua ya uhamisho hutumiwa na mwanamke anayehamia mji mwingine.

"Ahamie wapi?" aliuliza Msajili.

"Ahamie hapa niliposimama."

"Ataandikwa wiki yake."

"Barua ni ya serikali au ni ya kwako?"

"Ya serikali."

"Basi ishirini na sita kwa makumi ni ngapi?"

Niliona uso wa Msajili ukilegea kidogo kidogo, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Ishirini na sita kwa makumi ni thelathini. Mwenye wiki thelathini hayumo katika Miezi ya Raha. Hivyo hawezi kuwa wa tano wa chochote. Alichukua karatasi, akaandika, akagonga mhuri. Ilikuwa barua safi, isiyo na kosa la kisheria.

Nilijua kwamba namba ile si kweli na nikanyamaza. Presha ilikuwa mia na sitini na nane. Chambuso alimbeba mkewe hatua sitini zile, naye akilalamika kwamba anaweza kutembea.

Nyumba ya Tatu walimtibu kama inavyopaswa. Walimpa dawa ya kushusha presha, magnesiamu ya kuzuia kifafa, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Mkojo wake ulikuwa na protini nyingi. Kichwa kilitulia siku ya pili. Siwema alimpima kila baada ya saa nne, na nia yetu ilikuwa moja: kumbakiza mtoto ndani kadiri mama atakavyostahimili. Kwa wiki kama hizo kila siku inayoongezwa ina maana.

Tulipata siku kumi na nne. Asubuhi ya siku hiyo presha iligoma kushuka, damu ikaonyesha kwamba ini limeanza kudhurika, na daktari akampasua. Mtoto alikuwa msichana, gramu mia tisa na arobaini. Alilia kidogo.

Hapo ndipo thelathini ya Msajili ilipoanza kufanya kazi yake. Mtoto alikuwa wa wiki ishirini na nane. Daftari la nyumba, lililoanza kuhesabu kutoka kwenye barua, lilisema thelathini na mbili. Siwema hakuwa zamu. Aliyekuwepo alikuwa msichana mwangalifu aliyefunzwa vizuri, na alifanya alichofunzwa: alisoma daftari. Mtoto wa thelathini na mbili, mwembamba. Akamfunika vizuri na kumlaza kwenye kitanda cha wazi.

Nyumba ile ina mashine moja ya kumsaidia kichanga kupumua. Ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe, haina mtu. Kwa kanuni hupewa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya thelathini. Nilihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Sabini na mbili. Kila alipotoa pumzi alikoroma, na ngozi kati ya mbavu ilikuwa inazama. Nikamwambia mkunga kwamba daftari limekosea.

"Limegongwa mhuri, mama," alisema. Alikuwa karibu kulia. "Siwezi kulirekebisha. Anayerekebisha ni aliyeandika barua."

Nilimchukua mtoto nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote wawili. Hilo halihitaji ruhusa ya daftari lolote. Chambuso akatumwa kumwita Siwema nyumbani kwake, kisha kumwita Msajili.

Mbwana Shekue alikuja na kitabu chake cha kijani kwapani. Nadhani alikwisha kuelewa alichoitiwa. Alimsalimu Mwanatumu, akampa pole, akauliza hali ya mtoto. Siwema, aliyefika kabla yake na bado amevaa khanga za nyumbani, alimweleza kwa sentensi mbili: mtoto anahitaji mashine, na mashine inahitaji daftari liseme ishirini na sita siku ile alipopokewa.

"Nikiandika ishirini na sita," alisema Msajili, "alikuwa katika Miezi ya Raha."

"Alikuwa," alisema Siwema.

"Atakuwa wa tano."

"Alikuwa wa tano tangu siku ile. Wewe ndiye uliyemwita hivyo."

Msajili alimgeukia mgonjwa, kwa heshima, kama mtu anayekata rufaa. "Mwanatumu, wewe mwenyewe ulikubali thelathini. Nilikusomea barua na ukatia sahihi."

"Nilikuwa sioni vizuri," alisema Mwanatumu.

Hakuna aliyecheka, ingawa Chambuso aliangalia ukutani.

"Mnajua mtakachonifanyia," alisema Msajili. "Miaka kumi na tisa."

"Bwana Shekue," alisema Mwanatumu, na ilimbidi avute pumzi katikati kwa sababu ya kidonda. "Sikuiti kwa ubaya. Chai yako nimeinywa. Lakini huyu hapa juu yangu anapumua kama cherehani mbovu, nami nimelala tu namsikiliza. Hesabu wewe."

Hakutegemea kuambiwa vile. Lakini kuhesabu ilikuwa kazi yake, na sidhani kwamba aliwahi kukataa kazi hiyo maishani. Akasogea, akatoa saa mfukoni, akainama. Tuliona midomo yake ikitembea. Alipomaliza dakika alirudia nyingine, kama nilivyorudia mimi presha.

"Sabini na tatu," alisema.

"Kwa makumi?" aliuliza Siwema.

"Sabini."

"Kichanga aliye salama hupumua mara arobaini mpaka sitini."

Alibaki amesimama na saa mkononi. Najua alichokuwa anafanya, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye bustanini asubuhi nyingi na nilikuwa nimejifunza uso wake. Alikuwa anaitafuta njia ya kuifikisha sabini kwenye sitini. Haikuwepo. Kwa desturi ya nchi yake, kwa adabu yake yote, mtoto yule alikuwa bado anapumua haraka mno.

Akaketi pembeni ya kitanda. Alifuta thelathini katika daftari la nyumba kwa mstari mmoja, akaandika ishirini na sita juu yake, akatia saini ndogo. Mkunga kijana hakungoja mhuri; kitambaa cheupe kilikuwa tayari sakafuni. Kisha Msajili akafungua kitabu cha jalada la kijani na chini ya majina manne akaandika la Mwanatumu, kwa mwandiko ule ule, taratibu. Alipofika kwenye safu ya ugonjwa alimuuliza Siwema namna ya kuliandika neno. Hakuwahi kulihitaji.

Usiku wa kwanza mtoto alihitaji mashine kwa nguvu zake zote. Siku ya tatu aliihitaji kidogo. Tulimlisha maziwa ya mama yake kwa mrija, mililita mbili mbili.

Mengine niliambiwa na Siwema na sehemu nikaiona mwenyewe. Taarifa ya mji ilipelekwa makao makuu: waliougua katika Miezi ya Raha, kumi. Baraza lilikutana siku hiyo hiyo. Hakuna aliyetilia shaka kumi, kwa sababu Tulizani idadi ya serikali haitiliwi shaka. Tatizo lililojadiliwa lilikuwa jingine. Taarifa ilisema kumi, na orodha ilikuwa na majina matano. Wanawake watano walikuwa wamepotea. Baraza lilikubaliana kwamba ni aibu kubwa kwa nchi kupoteza wagonjwa watano, na maofisa wakatumwa mjini kuwatafuta.

Walizunguka nyumba kwa nyumba siku tisa. Niliandamana nao siku mbili. Walikuwa vijana wenye adabu, na kwa kuwa waliagizwa kutafuta wagonjwa, walibisha hodi na kuuliza jambo ambalo hakuna ofisa aliyewahi kuliuliza pale: mwaka huu, katika miezi ya kati, nani aliumwa humu ndani? Mwanzoni wanawake walitazamana. Kisha walianza kuwaletea viti. Aliyevuja damu wiki ya kumi na tisa akakaa kitandani siku nyingi akaandika raha kubwa. Aliyepasukiwa chupa ya uzazi mapema. Aliyekuwa na homa ya malaria, ikaandikwa joto la furaha. Ofisa mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kuandika jina ambalo mwenyewe hakuwepo tena kulitaja. Nikamwambia aliandike.

Walirudi makao makuu na majina ishirini na nane. Pamoja na yale matano yalikuwa thelathini na matatu. Saba kati ya hayo yalitolewa na mume, au na mama.

Baraza liliamua jambo ambalo sikulitarajia. Lilipitisha Nyumba ya Pili, vitanda thelathini, na likamwomba Mbwana Shekue aisimamie, kwa kuwa ndiye ofisa pekee mwenye uzoefu wa miezi hiyo. Mjumbe aliyezaa mara sita aliomba kiungulia kirudishwe kwenye ajenda. Kikarudishwa.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda kumpima mtoto. Gramu elfu moja mia moja na sitini, na siku ya nne bila mashine. Mwanatumu alikuwa anashona kofia yake kwa mkono, akitunga uzi mwenyewe. Presha ilikuwa bado juu kidogo. Nilimwambia ipimwe kila siku kwa wiki sita, na kwamba mimba ijayo aanze kliniki mapema. Alisema kuhusu mimba ijayo nimwulize Chambuso.

Kutoka hapo nilikwenda kumuaga Mwenyekiti. Mezani kwake ilikuwepo orodha ya maofisa, kurasa mbili, na juu yake kichwa kilichokwisha kupigwa chapa kwa ajili ya ukuta wa Nyumba ya Pili: Wanawake Thelathini. Nilimwambia kwamba majina ni thelathini na matatu. Alinieleza, kwa upole ule ule wa siku ya kwanza, kwamba thelathini na matatu kwa makumi ni thelathini.

Nikamuuliza ni majina yapi matatu ambayo hayatakuwepo ukutani.

Aliichukua orodha, akaisoma tangu juu hadi chini, akageuza ukurasa, akasoma. Alichukua muda mrefu. Akatoa kalamu mfukoni, akaishika juu ya jina moja, akaisogeza juu ya jingine, kisha akanisukumia kalamu na karatasi pamoja.

"Chagua wewe, Bi Mkunga," alisema. "Wewe ni mgeni, hukuwajua."

Nilimrudishia zote mbili. Alikuwa bado anaiangalia orodha nilipofunga mlango.